Mshale wa Presha Ulivyotupandisha Mkuu

Rehema, Joyce na wengine wote wa madawati ya nyuma, tangu shule ifunguliwe mmeniuliza ilikuwaje kwenda Mkuu, kule Rombo kwa Babu, na gari la Shangazi, na kila mara nimejibu "ilikuwa fresh" kisha nikatazama viatu vyangu. Mnanijua. Kwa kalamu najieleza, kwa mdomo nakwama. Basi haya hapa yote, msome mapumziko, na mkimaliza mnirudishie karatasi zangu. Mwalimu wa Kiswahili asizione, atazisoma mbele ya darasa na mimi nitahama shule.

Kwanza mlijue gari lenyewe. Shangazi Eliaichi, dada yake baba, ana gari la michezo jekundu, la milango miwili, limelala chini kama paka anayevizia panya. Alilinunua bovu na akalifufua mwenyewe kidogo kidogo, nyuma ya nyumba yetu Shirimatunda, hapa Moshi. Krismasi ya mwaka juzi alilipandisha Rombo kwa mbwembwe zote. Kwenye mlima presha ya oili ikakata. Taa nyekundu ya kwenye dashibodi iliwaka wakati injini imeshaanza kugonga, yaani ilikuja kutoa pole tu. Likaingia kwa Babu limefungwa kamba nyuma ya pikapu iliyojaa majani ya ng'ombe, na ukoo mzima umekaa uani unatazama.

Babu alilizunguka mara moja, mikono nyuma. Akasema, "Eliaichi, likija kwa kamba tena, mimi nalifanya banda la kuku."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Shangazi hakucheka. Alijibu, "Sawa, Baba. Likija kwa kamba tena, ni la kuku."

Kwetu neno lililosemwa Desemba mbele ya ukoo halirudishwi. Kwa hiyo mwaka jana, tulipokuwa tunajiandaa kupanda tena, Shangazi hakuwa anakwenda tu kula Krismasi. Alikuwa anakwenda kuliokoa gari lake lisiwe banda la kuku.

Shirimatunda: kwa nini nilichukuliwa mimi

Msidhani nilichaguliwa kwa akili. Nilichaguliwa kwa sababu ya bomba fupi.

Shangazi alipoipanga injini upya alifunga na geji ya presha ya oili, ile yenye mshale na namba, si taa tu. Geji hiyo ina kibomba chembamba kinachotoka kwenye injini, na kibomba alichopata hakikufika upande wa dereva. Kikaishia kushoto, mbele ya abiria. Kwa hiyo lazima abiria awe na macho. Binamu zangu wote wana macho, ila wanayatumia kwenye simu.

Asubuhi ile aliniweka kitini akanionyesha. "Haika, kazi yako ni moja. Nikikanyaga mafuta, mshale upande. Nikiachia, ushuke, lakini usilale kabisa. Ukiona unashuka wakati nakanyaga, au unatetemeka kama una homa, unasema. Kwa sauti."

"Sawa."

"Hiyo ndiyo sauti?"

"Sawa, Shangazi."

"Mungu atusaidie," akasema, akawasha.

Majengo: oili

Hatukwenda moja kwa moja. Shangazi alitaka oili mpya kwa ajili ya mlima, tukashuka Majengo, kwenye duka lililo jirani na fundi rafiki yake. Muuzaji alikuwa kaka mmoja mchangamfu. Alipoliona gari tu akauliza bibi harusi yuko wapi. Mimi nikaangalia pembeni. Shangazi akamwambia bibi harusi ni injini, na anataka oili.

"Kwa mlima, dada, chukua nzito. Hii hapa, 20W-50. Nzito inashika injini."

"Injini yangu nimeipanga juzijuzi, nafasi kati ya vyuma ni ndogo. Alfajiri ya Rombo ni baridi. Nikiwasha, nzito itajikokota kufika juu, na huko juu vyuma vinasagana vikavu."

"Ukiweka nyepesi itakuwa maji ukifika kwenye kona za Marangu."

"Ndiyo maana sitaki nyepesi. Nataka 5W-40, na kitabu cha gari kinasema hivyohivyo."

Mimi hapo nilikuwa nimepotea, lakini nikajitafsiria kwa mtori wetu wa ndizi. Mtori ukiwa jikoni unatiririka. Ukiuacha mezani unaganda, kijiko kinasimama. Oili nayo iko hivyo. Namba ya kwanza inaeleza itakavyokuwa baridi, na ikiwa ndogo ina maana haigandi, inakimbia mapema kwenye vyuma. Namba ya pili inaeleza itakavyokuwa moto, na ikiwa kubwa ina maana haigeuki maji. Shangazi alikuwa anatafuta mtori usioganda asubuhi na usiokuwa supu mchana. Nilimwambia hivyo kwa sauti ya chini. Alinitazama, kisha akamwambia muuzaji, "Umemsikia mtoto?" Muuzaji hakuwa amesikia. Hakuna anayesikiaga.

Shangazi akaligeuzageuza lile galoni, akakagua kifuniko kama kimewahi kufunguliwa.

"Dada, unaikagua kama unakagua mkwe!"

"Mkwe akinishinda namrudisha kwao. Injini nitairudisha wapi?"

Kwa fundi walimwaga oili ya zamani, wakafunga filta mpya, wakajaza mpya kidogo kidogo, wakasubiri itulie, wakapima kwa kijiti. Kijiti kina alama mbili. Shangazi aliniita nione. "Hapa, karibu na ya juu, bila kuipita. Ikipungua, kwenye kona inakimbilia pembeni na pampu inavuta hewa. Ikizidi, vyuma vinavyozunguka chini vinaipigapiga mpaka inakuwa povu, na pampu inavuta povu. Povu halilainishi kitu." Nilitikisa kichwa. Sikujua kama maneno hayo ningeyahitaji kabla ya Krismasi.

Majengo hadi Himo: aibu

Barabara ya Himo mnaijua ilivyo Desemba. Kila Mchaga aliyekuwa Dar anarudi nyumbani siku ileile. Tulisimama kwenye foleni, jua linachoma, injini inanguruma polepole, na mimi sijaondoa macho kwenye geji tangu Moshi. Shingo inauma. Mara nikaona mshale unashuka. Unashuka taratibu, unaikaribia namba moja.

Nikasema, "Shangazi."

Hakusikia. Nikamshika mkono nikapiga kelele, "Umelala!"

Akazima gari palepale. Katikati ya barabara. Honi zilizofuata zilitosha harusi mbili. Konda wa basi la nyuma yetu alichomoza kiuno kizima dirishani: "Oya sista! Hicho kiatu chako kimekatika kamba?"

Shangazi akafungua boneti, akapima oili, akatazama chini kama kuna inayovuja. Hakuna kitu. Akawasha, akakanyaga kidogo, mshale ukapanda vizuri kabisa kama haujawahi kumkosea mtu. "Tukiwa tumesimama na injini ya moto, hapo ndipo pake," akasema. "Mimi nilisema ukishuka *nakanyaga*."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Nilikaa nimejikunyata, masikio yanawaka, nikajiambia sitafungua mdomo tena mpaka Mkuu. Nawaambia ukweli, nilikuwa nimeamua.

Himo tulinunua mahindi ya kuchoma, na mama mmoja akatuomba lifti na mkungu wake wa ndizi. Shangazi akamfungulia buti. Ndani kulikuwa na tairi la akiba na galoni lililobaki na oili kidogo, basi, pamejaa. Mama akachungulia, akamtazama Shangazi kwa huruma. "Mwanangu, sasa hili gari ni la kubeba nini?"

"Ni la kunibeba mimi, mama."

"Haya. Shukuru mume hajaliona," akasema, akaubeba mkungu wake kwenda kutafuta daladala.

Himo hadi Mwika: huwezi kupita

Kutoka Himo barabara inapanda, na hapo ndipo nilipoanza kulielewa lile gari. Mguu wa Shangazi ukishuka, mshale unapanda. Kona za Marangu tulizikata gari limeng'ang'ania lami, migomba inapita dirishani, watoto wanatupungia mikono, na mshale wangu uko palepale. Ndiyo, nilishaanza kuuita wangu.

Mwika mvua ikatukuta, na Mwika ndiko anakokaa Mzee Kundaeli, mjomba wake Shangazi, kaka wa Bibi yangu wa Mkuu. Huwezi kupita kwa mjomba Desemba bila kuingia. Tulipanga kuingia kidogo tu. Shikamoo zikaisha, mvua ikazidi, ndizi za machalari zikaja na nyama yake, mbege, ile pombe ya ndizi, ikaja kwa wakubwa, na kila Shangazi akiinuka Mzee anasema, "Mmekula? Hamjala." Tukalala.

Asubuhi tukanywa mtori, tukaaga. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo safari ilipotaka kufia.

Kwa Mzee Kundaeli mgeni haondoki mikono mitupu. Alikuwa ametukatia mkungu wa ndizi, mkubwa, mzuri. Akafunguliwa buti. Akaupima mkungu kwa macho, akapima buti, akajaribu kiti cha nyuma, ambacho nacho ni cha mdoli. Akasimama akiwa amehuzunika kabisa. Kisha uso ukamng'aa. Akaenda bandani iliko mashine yake ya kumenyea kahawa, akarudi na dumu.

"Kama halibebi zawadi, basi zawadi nalipatia lenyewe. Fungua boneti."

Ilikuwa oili ya mashine ya kahawa, nzito kama asali ya baridi. Nilimtazama Shangazi. Nilijua anajua haifai, na injini ilishajaa. Yule ni mjomba wake, ameshika zawadi kwa mikono miwili, na mke wake na majirani wamesimama wanatabasamu. Shangazi Eliaichi, aliyemjibu Babu mbele ya ukoo na aliyebishana na Majengo nzima, alifungua boneti akasema, "Asante sana, Mjomba."

Mzee alimimina kwa moyo wote. Akamimina mpaka dumu likalia tupu. "Limeshiba," akasema.

Tulipoketi, Shangazi akaninong'oneza, "Tukipita kona ya kwanza nasimama naipunguza. Asituone."

Kumbe Mzee alikuwa anavaa koti la mvua. Alikuwa anatoa pikipiki. Alikuwa anatusindikiza.

Mwika kwenda Mkuu: sauti

Mtu akikusindikiza husimami ukamfungulia boneti kutoa zawadi yake. Shangazi aliendesha polepole, akisubiri ageuze. Hageuzi. Tukipunguza mwendo anapiga honi ya furaha. Ukungu ulikuwa umeshuka, taa yake inawaka nyuma yetu kama jicho moja. "Geuza, Mjomba," Shangazi alikuwa anasema chinichini. "Geuza, baba, ukanywe chai." Mlima ukaanza kusimama, ikabidi akanyage.

Mshale ukatetemeka.

Nikanyamaza. Nikakumbuka Himo, konda, honi, kiatu. Nikajiambia labda ni barabara mbovu. Lakini barabara ilikuwa lami safi. Tukaingia kona, tukatoka, Shangazi akakanyaga zaidi, na mshale badala ya kupanda ukashuka. Ukapanda kidogo, ukashuka tena, chini zaidi. Nikaliona povu, naapa, niliona kabisa kichwani mwangu lile povu linavyovutwa, na vyuma vikavu, na kuku wamekaa kwenye usukani.

"Shangazi," nikasema. Ile sauti yangu. Ile mnayoijua.

Injini ikanguruma, hakusikia.

Sijui ilitoka wapi iliyofuata. Ilitoka tumboni. "SHANGAZI ZIMA! UNASHUKA UNAKANYAGA!"

Na hiki ndicho ninachojivunia kuliko vyote, kwa hiyo msikiruke. Hakuniuliza. Jana yake nilimwaibisha mbele ya foleni nzima, na bado hakuniuliza "una hakika?" wala hakuinama kuangalia geji. Alizima papo hapo, akaliachia gari litambae hadi pembeni. Kimya. Tukasikia injini inatoa milio midogo ya kupoa. Haikuwa imegonga. Tuliwahi.

Mzee akafika, akavua helmeti. "Vipi, mmesahau kitu?"

"Hapana, Mjomba," Shangazi akasema, "tumesimama kidogo tuangalie mandhari."

Mandhari yenyewe, kwa ule ukungu, ilikuwa mgomba mmoja.

Mzee akautazama mgomba. Akatutazama. Nikaona Shangazi ana machozi, jamani, mtu mzima, kwa sababu hawezi kusema na hawezi kutosema. Basi mimi, ambaye nikiitwa ubaoni nakwama, nikashuka garini.

"Shikamoo tena, Babu. Oili uliyotupa ni nzuri, ila imezidi. Ikizidi inafanya povu, na povu halilainishi vyuma. Tukiendelea injini itakufa, na Babu wa Mkuu atafugia kuku humo. Tunaomba utusaidie kuipunguza."

Nilisema yote hayo bila kukohoa. Kisha nikatazama viatu vyangu, maana mazoea ni mazoea.

Mzee akautazama tena ule mgomba. Nikadhani nimeharibu ukoo. Halafu akamgeukia Shangazi. "Mbege nikiijaza mpaka mdomoni mwa pipa si inamwagika povu uwanja mzima? Sasa mbona hukuniambia?"

"Wewe ni Mjomba."

"Ndiyo, ni Mjomba! Sikuwa mpita njia! Ulitaka uniue kwa aibu Mkuu, waseme Kundaeli ndiye aliyeua gari?" Alikuwa amekasirika kweli, lakini huku anavaa helmeti. "Kaeni hapo. Msiguse kitu."

Akaenda nyumbani kwake, akarudi na dumu lake, bomba la sindano, lile kubwa la kunyweshea ng'ombe dawa, na kipande cha mpira mwembamba. Shangazi akauingiza mpira kwenye tundu la kijiti cha kupimia, Mzee akawa anavuta. Anavuta, anamwaga kwenye dumu lake, anavuta. Mimi ndiye niliyepima. Mwanzoni kijiti kilitoka na povu hadi juu. Tukasubiri. Nikafuta, nikapima. Bado. Wakavuta tena. Nikapima. "Hapo," nikasema. "Chini ya alama ya juu kidogo."

"Ana uhakika?" Mzee akamuuliza Shangazi.

"Huyu? Ana uhakika," Shangazi akajibu. "Imechanganyika, nitaimwaga yote sikukuu ikiisha, ila itatufikisha."

Akawasha. Mshale ukaruka juu, ukatulia. Mzee akalifunika dumu lake vizuri, akalifunga nyuma ya pikipiki. "Mashine yangu itashukuru. Haya, twende. Nataka kuuona uso wa shemeji yangu."

Mkuu

Tuliingia kwa Babu, Mzee Kundaeli akiwa mbele na pikipiki, sisi nyuma yake kwa karibu, kwa sababu njia ya nyumbani ni nyembamba. Mbona hatukulifikiria hilo! Watoto walipotuona kutoka kwenye ua wa masale, ile mimea ya mpaka, wakaanza kupiga kelele: "Linavutwa na pikipiki! Linavutwa na pikipiki!"

Ukoo wote ukasimama. Baba mkubwa akacheka mpaka akakaa chini. Pembeni ya zizi nikaona miti midogo imeshafungwa, ya kuku kulalia. Babu hakuwa anatania mwaka juzi.

Babu akaja polepole na fimbo yake. Mzee Kundaeli akasimama, sisi tukasimama. Babu akaingia katikati ya pikipiki na gari, akainama, akatafuta kamba. Akapitisha fimbo chini, huku na huku. Fimbo haikukuta kitu.

"Kamba iko wapi?"

"Hakuna kamba, Baba," Shangazi akasema. Alikuwa hajazima injini. Makusudi.

Babu akasimama wima, akasikiliza. Injini ilikuwa inaimba. "Mara ile lilikufa. Safari hii limeponaje?"

Shangazi akanyoosha kidole. Si kwenye injini. Kwangu. Watu wote wa Desemba wakanigeukia, na wengine wao, naamini, ndiyo mara ya kwanza walijua nipo. Babu akauliza, "Haika, ulifanyaje?"

"Nilitazama mshale, Babu. Ulipokosea nikasema."

"Alisema?" Mzee Kundaeli akadakia. "Shemeji, huyu alipiga kelele mpaka mimi nikasikia ndani ya helmeti!"

Babu hakusema hongera, si mtu wa hongera. Alifungua mlango wangu, akaniashiria nihamie nyuma, kwenye kiti cha mdoli, akajikunja na fimbo yake akaketi mahali pangu. "Nipeleke mpaka lami," akamwambia Shangazi. Bibi aliziba mdomo kwa kanga.

Nikainama katikati ya viti. "Babu, huo ndio mshale. Shangazi akikanyaga, upande. Ukishuka anakanyaga, unasema. Kwa sauti."

Tukaondoka. Njia nzima hadi lami, na njia nzima kurudi, Babu yangu ambaye ukoo wote unamwogopa hakutazama migomba wala watu waliomsalimu. Alikaza macho kwenye ile geji, na kila kona akatangaza kwa sauti ya kanisani, "Upo! Bado upo!"